Ndege za Kukodi na Mpaka wa Taveta

Msomaji wangu, ikiwa umepata kusimama mjini Voi wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa nyeupe bila wingu, hapana shaka umewahi kuinua macho ukaiona eropleni ikipita juu mno, katika njia yake ya kwenda Mombasa au kutoka huko. Chini hupita treni na malori. Juu hupita ile ndege, na mlio wake hutufikia baada ya yenyewe kwisha kupita. Watoto wadogo huipungia mikono. Lakini mwanafunzi wa sekondari yampasa kufanya zaidi ya kupunga mkono. Yampasa aulize: Ndege hii ni ya nani? Ilipatikana kwa fedha za nani? Na nchi isiyokuwa na ndege hata moja ya safari za mbali huanzaje kuwa na shirika lake la ndege?

Wengi hudhani kwamba shirika la ndege huanza kwa ndege mpya zing'aazo, zilizotoka kiwandani jana. Historia haisemi hivyo. Mashirika mengi yameanza kwa vyombo vilivyokwisha tumiwa na wengine, au kwa vyombo vya kukodi. Huko Uingereza, shirika la Virgin Atlantic lilianza safari zake mwezi wa Juni 1984 kwa ndege moja tu kubwa ya aina ya Boeing 747, ile iitwayo Jumbo, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikibeba abiria wa shirika la Argentina. Hapa kwetu, miaka saba kabla yake, Kenya Airways ilianza kwa ndege mbili za kukodi za aina ya Boeing 707, nazo hazikuwa mpya.

Nataka nikusimulie mwanzo huo. Sababu yangu ni hii: siku ile ile zile ndege za kukodi zilipoanza safari, tarehe 4 Februari 1977, mlango mwingine ulifungwa katika wilaya yetu, nao ni mlango wa Taveta. Mambo hayo mawili yalitoka katika chungu kimoja. Asiyeyajua yote mawili hajaijua historia ya ndege zetu.

Na tuanze nyuma kidogo. Nchi ya Taita na Taveta iliziona ndege mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na iliziona kwa sababu ya vita. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na mwaka 1915 ndege chache za jeshi lao zikaletwa Maktau ili kupeleleza maboma ya adui. Mwanzoni mwa mwaka 1916 nyingine ziliwekwa Mbuyuni, wakati wa mapigano ya Salaita. Basi wazee wetu waliiona eropleni kabla ya watu wengi kuona hata motokaa, na waliyoyaona yalikuwa macho ya jeshi yaliyopaa angani. Hakuna abiria aliyekata tiketi.

Ndege za abiria na barua zilikuja baadaye. Mwaka 1929 mama mmoja mlowezi aliyeitwa Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni mjini Nairobi, Wilson Airways, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza kwa eropleni moja ndogo ya aina ya Gipsy Moth, yenye nafasi ya watu wawili tu. Kampuni ile ilikua, ikabeba barua, wagonjwa na wasafiri, mpaka vita vya pili vya dunia vilipotokea mwaka 1939 na ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya serikali. Jina lake halikufa: kiwanja chake cha Nairobi kiliitwa Wilson mwaka 1962.

Mji wa Voi nao umo katika kurasa za siku zile, kwa habari ya huzuni. Tarehe 14 Mei 1931, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton aliondoka katika kiwanja cha Voi kwa Gipsy Moth yake. Mara tu baada ya kupaa, ndege ilianguka ikawaka moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Vitabu vingi vimemtaja Finch Hatton. Kamau hutajwa kwa neno moja, na vingine vimemsahau kabisa. Lakini tazama jambo moja, kwa maana tutalihitaji mbele: ndege ile ilikuwa bado changa. Upya wake haukuwaokoa.

Baada ya vita, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliungana kuanzisha shirika moja, East African Airways. Lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946 kwa ndege sita za aina ya Dragon Rapide. Ndege hizo zilikuwa na mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, zilitengenezwa kwa mbao na kitambaa, na kila moja iliweza kuchukua watu wanane hivi. Aina yake iliruka mara ya kwanza mwaka 1934, yaani miaka kumi na miwili kabla ya shirika kuanza. Nazo pia zilikodiwa. Waonaje, msomaji? Hata mwanzo huu wa pili ulikuwa wa vyombo vya wengine.

Lakini shirika lile lilipanda ngazi. Mwaka 1960 lilipata ndege za Comet zinazokwenda kwa injini za jeti, na mwaka 1966 likapokea Super VC10, ndege nzuri ndefu yenye injini nne mkiani, iliyoweza kwenda moja kwa moja Ulaya. Nchi zilikwisha pata uhuru, na mwaka 1967 marais watatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mjini Kampala. Reli, bandari, posta na ndege zikawa mali ya pamoja. Mtoto wa Taveta aliweza kupanda treni, akapita Kahe, akafika Moshi, na shirika lililombeba likawa ni lile lile katika nchi zote mbili.

Yafaa sasa nikueleze ni nini kilichoiua East African Airways, kwa kuwa hapo ndipo penye fundisho. Je, ilikufa kwa sababu ya ndege mbovu? La. Ni kweli kwamba tarehe 18 Aprili 1972 moja ya zile VC10 ilipata ajali katika kiwanja cha Addis Ababa, watu 43 wakafa kati ya 107 waliokuwamo. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoangushwa njiani, likapasuka. Rubani akataka kusimamisha, na breki hazikushika kwa nguvu zake zote, kwa maana sehemu yake moja ilikuwa imefungwa vibaya ilipotengenezwa. Ndege ile nayo haikuwa nzee. Chuma kidogo na mkono mmoja uliokosea vilitosha kuleta msiba.

Hata hivyo si ajali ile iliyoliua shirika. Liliuawa na madeni na kutoaminiana. Fedha za tiketi zilikusanywa katika kila nchi, nazo zilipaswa kupelekwa makao makuu Nairobi. Kila mshirika akaanza kumtuhumu mwenzake: huyu amezuia fedha, yule anapata faida kuliko wengine, huyu analipa madeni ya wote. Siasa nayo iliongeza moto. Tangu Idi Amin aliponyakua serikali ya Uganda mwaka 1971, marais watatu hawakukaa tena pamoja katika baraza lao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo. Kilichokosekana ni watu watatu wa kulisoma kwa pamoja na kukubali hesabu yake. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za Afrika ya Mashariki zikatulia chini.

Fikiri sasa hali ya Kenya katika juma hilo. Nchi ilitegemea wageni wa kuja kutazama wanyama na pwani. Hapa kwetu Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, wapishi, madereva na waongozaji walingoja mgeni wa Ulaya aliyekwisha lipa safari yake. Kuagiza ndege mpya kiwandani kungechukua miaka, na fedha nyingi zisizokuwapo. Kukaa bila ndege kungekuwa kuyaachia mashirika ya kigeni njia zote. Basi serikali ikaanzisha Kenya Airways tarehe 22 Januari 1977. Baada ya siku kumi na tatu tu, tarehe 4 Februari, safari za Nairobi, Frankfurt na London zikaanza kwa Boeing 707 mbili zilizokodiwa kutoka British Midland Airways ya Uingereza. Baadaye shirika likapata na baadhi ya ndege zilizokuwa za ule muungano uliovunjika, za aina ya DC-9 na Fokker.

Ndege hizo mbili zilikuwa za namna gani? Waundaji wa Boeing walikuwa na desturi ya kumpa kila mteja nambari yake, nao waliitia nambari hiyo katika jina la ndege. Zile mbili ziliitwa 707-321, na 21 ni nambari ya shirika la Marekani la Pan American. Jina lenyewe lilitoa siri: ziliundwa kwa ajili ya Pan American, na aina hiyo ilianza kubeba abiria mwaka 1959. Kwa hiyo ndege zilizoanza jina jipya la Kenya zilikuwa zimekwisha valishwa rangi za wengine. Na dunia ilikuwa imesonga mbele. Tarehe 22 Januari 1970, miaka saba kamili kabla ya Kenya Airways kuanzishwa, Jumbo ya kwanza ilikuwa imebeba abiria kutoka New York hadi London.

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: Je, si hatari kupanda ndege kuukuu? Swali hili ni jema, na jibu lake si la neno moja. Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa pia kwa saa ilizoruka, na kwa idadi ya mara ilizopaa na kutua. Juu angani hewa ni nyepesi mno kwa mtu kuivuta, hivyo ndege hujazwa hewa ya kutosha ndani, na kiwiliwili chake huvimba kidogo sana kama kibofu, ikishuka, hurudi. Jambo hilo likirudiwa mara elfu nyingi, chuma huchoka, kama waya unavyochoka ukiupinda huku na huku mpaka ukatike. Ulimwengu ulijifunza hayo kwa uchungu mwaka 1954, ndege mbili za Comet za kwanza zilipopasuka angani juu ya bahari ya Italia. Wataalamu waliitia Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza maji mara nyingi mpaka kiwiliwili chake kikapasuka, na chanzo kikajulikana. Tangu hapo ndege hukaguliwa kwa ratiba, nyufa hutafutwa zingali ndogo kama unywele, na kila kipuri huwa na idadi ya saa zake.

Maana yake ni kwamba ndege nzee iliyokaguliwa vema yaweza kuruka salama, na ndege changa iliyofungwa breki vibaya yaweza kuua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: methali hii ni ya nyumba, lakini mafundi wa ndege huishi kwayo kila siku.

Lakini uzee una gharama nyingine, isiyoonekana na abiria. Injini nne za zamani hunywa mafuta mengi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda kiasi cha mara nne. Kwa hiyo ndege kuukuu hukodiwa kwa bei nafuu na kurushwa kwa bei ghali. Na zaidi ya hayo, hatima yake haimo mikononi mwa mpangaji. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo: mwenyewe akiitaka, huna jibu. Ndiyo sababu mwanzo wa kukodi hufaa kuwa mlango tu wa kupitia. Kenya Airways ilielewa hivyo, na mwaka 1986 ilipata ndege mpya za Airbus A310.

Sasa twende Taveta. Nilikwambia kwamba siku ile ile mlango ulifungwa. Tanzania, ikiona kwamba shirika la pamoja limekwisha na kwamba ndege na mali nyingi zimebaki Nairobi, iliufunga mpaka wake na Kenya tarehe 4 Februari 1977. Magari ya Kenya yaliyokuwa upande wa pili yakashikwa. Kila serikali ilitoa sababu zake, na kila moja iliilaumu nyingine. Mimi sitaki kuhukumu. Nataka ulitazame jambo lenyewe kutoka Taveta.

Kutoka Taveta mlima Kilimanjaro huonekana waziwazi. Watu wa pande mbili walikuwa wameoana, walikuwa wakiuziana ndizi, mahindi na ng'ombe, na soko la Taveta lilikuwa mkutano wa Wataveta, Wataita, Wachaga, Wapare na Wamasai. Mpaka wa Holili ulikuwa mwendo mfupi. Asubuhi ile abiria wa Embakasi alianza kupata njia ya kwenda London kwa ndege yenye jina la nchi yake, na mama wa Taveta akapoteza njia ya halali ya kwenda msiba wa dada yake, akiwa anauona moshi wa jiko lake. Reli iliyojengwa kwa vita, ambayo amani iliipa kazi njema, ikakosa mwisho wake wa pili. Mpaka ulikaa umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983, karibu miaka saba. Mtoto aliyezaliwa siku ile aliingia shule akiwa hajavuka kwa ruhusa.

Na hesabu ya mali? Ilimaliziwa kwa upatanishi wa Victor Umbricht, Mswisi, na mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ukatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Dawa ya deni ni kulipa, tunasema. Lakini angalia jinsi dawa ilivyochelewa, na ni nani aliyeugua wakati wa kuingoja. Waliogombania vitabu vya hesabu hawakukaa Taveta.

Shirika lililoanza kwa ndege za kukodi halikuepuka masomo yale ya hesabu. Serikali ililiuza kwa sehemu: KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26, na mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa kwa watu wengi katika soko la Nairobi. Miaka ya 2010 lilipata ndege za kisasa za Boeing 787, na miaka ile ile likapata hasara kubwa mwaka baada ya mwaka, hata faida ya mwaka 2024 ikawa ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo ndege mpya hazikuleta faida kwa upya wake, kama vile ndege kuukuu za mwaka 1977 hazikuleta aibu kwa uzee wake.

Msomaji wangu, labda siku moja wewe utaanza jambo: duka, shule, gazeti, karakana, au hata kampuni ya ndege. Utatamani kuanza na vitu vipya, nawe hutakuwa navyo. Usione haya kuanza kwa cherehani ya mkono wa pili au kwa lori la kukodi. Ila uyashike mambo mawili. La kwanza, kijue chombo chako, ukague nyufa zake, uhesabu mafuta yake. La pili, na hili ni gumu zaidi, ufungue daftari lako mbele ya mshirika wako kila mwezi, wakati bado mnacheka pamoja. Chuma kikichoka, fundi hukiona. Urafiki ukichoka, hakuna tangi la maji la kuujaribia.

Na nina kazi moja ya kukupa. Waliokuwa watu wazima mwaka 1977 wanapungua kila mwaka. Ukienda Taveta, au ikiwa unakaa huko, mtafute mzee au bibi, umwamkie vizuri, kisha umwombe akusimulie siku mpaka ulipofungwa: alikuwa wapi, nani alibaki ng'ambo, alikutana naye tena lini. Uandike maneno yake pamoja na tarehe. Safari ya kwanza ya ndege zile za kukodi imekwisha andikwa katika vitabu. Habari za siku ile ile sokoni Taveta zimo vichwani mwa wazee, nazo zangoja mwandishi.